Batasema na Gunia la Ndagala

Nyinyi wa kikundi chetu cha Jumamosi hapa mjini Baraka mmeniuliza mara tatu sura ya saba ya riwaya yangu iko wapi, na mara kumi mbwa anaendeleaje. Nimeelewa. Sura ya saba haijaandikwa, nilikuwa barabarani. Basi nawasimulia habari za mbwa, zote kwa pamoja, ili nisizirudie tena dukani, kanisani na kwenye foleni ya maji. Mambo ya karatasi na mihuri nayaruka. Yalikuwepo, yalinichosha, yamekwisha.

Baraka: neno la papa chef

Wasiomjua, Batasema ni mbwa wa koko wangu, mama yake mama. Jina alipewa na koko mwanamume, marehemu, aliyekuwa na shamba la michikichi na majirani wasiokosa la kusema. Akamwita mbwa Batasema, yaani watasema, ili kila asubuhi akimwita kwa sauti, majirani wajue kwamba anajua. Alipofariki, mbwa alihama kutoka kibaraza cha nyuma, akaja kulala mlangoni pa koko mwanamke. Hajaondoka hapo.

Ugonjwa ulianza miaka miwili iliyopita. Alijikuna masikio, halafu makwapa, halafu tumbo. Manyoya ya mgongoni yakamtoka, ngozi ikawa nyeusi na nene, ikapasuka mistari kama udongo wa kiangazi, na harufu yake ilifika uani kabla yake. Tulimpaka mawese. Tulimwosha kwa maji ya chumvi na majani ya mwarubaini. Jirani mmoja mwenye huruma alimmwagia mafuta machafu ya pikipiki sisi tukiwa kanisani, na tuliporudi tulimkuta mbwa anang'aa kama kiatu kipya, analia. Koko naye alikuwa na dawa yake: mgonjwa alishwe vizuri. Kadiri Batasema alivyozidi kukonda, ndivyo koko alivyomwongezea ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, kiganja kizima asubuhi na kingine jioni.

Kisha mtoto wa jirani akatoka upele mikononi, na papa chef, yaani mkuu wa avenyu, mtaa wetu, akaja kwetu. Alipewa kiti, hakukaa.

"Koko, mi nakuheshimu," alisema. "Lakini bantu banalalamika. Hii imbwa itaambukiza batoto yote ya avenyu. Nakupatia mpaka mwezi kuisha. Ao inapona, ao banaipiga."

"Basi banipige na miye," koko akajibu, akaingia ndani.

Siku hiyo hakula. Siku ya pili pia hakula. Siku ya tatu nikafunga daftari langu nikasema: twende tutafute daktari.

Baraka hadi Fizi

Tuliambiwa kuna daktari wa ng'ombe huko Fizi-centre, juu mlimani, Docta Ezekieli. Koko akanijazia gunia la ndagala waliokaushwa kwenye mchanga safi, wale weupe wanaometa, akalishona mdomo kwa mkono wake.

"Usiende kwa muganga mikono mitupu," alisema. "Na hii ni ya muganga. Usiifungue njiani."

Dereva wa pikipiki aliitwa Sadiki. Alimtazama abiria wangu wa miguu minne, akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada, na hii kintu ikinishika miye?"

"Haitakushika."

"Weye uko muganga?"

"Miye niko mwandishi."

"Aah!" alisema, kama mtu aliyethibitishiwa mashaka yake, akavaa koti lake la mvua na kulifunga hadi shingoni, ingawa jua lilikuwa linawaka. Gunia likawekwa katikati yetu, Batasema juu ya gunia, mimi nyuma nikimkumbatia. Hivyo ndivyo tulivyopanda mlima.

Rafiki zangu, sijui kama mmewahi kupanda barabara ile mkiwa na sababu. Nilikuwa nimeipanda kwa misiba na arusi, lakini safari hii kila kona ilinifungulia kifua. Nyuma yetu ziwa lilipanuka, rasi ya Ubwari ikajilaza majini kama mnyama aliyeshiba, na hewa ikaanza kuwa nyembamba na tamu. Kwenye mteremko mmoja akina mama waliobeba mihogo walisimama kando.

"Munamupeleka wapi ule muzee?"

"Hospitali!" Sadiki akapiga kelele.

Walicheka mpaka wakatua mizigo. Batasema akawabwekea, na mimi nikajiona naongoza msafara wa mfalme.

Fizi: siku tisa

Docta Ezekieli hakuwepo. Alikuwa Minembwe kule juu akichanja ng'ombe, na mvua zilikuwa zimeharibu njia. Niliteremkia kwa mama mudogo Aline, mdogo wake mama, tukasubiri siku tisa. Nilikuwa nimepanga siku mbili.

Mama mudogo alilitundika gunia juu ya jiko ili moshi uzuie wadudu, na mbwa akawa anakula cha nyumba ile: bugali, mchuzi wa maharage, na maziwa yaliyoganda tuliyopewa na jirani mfugaji. Siku ya sita niliamka nikasikia kitu cha ajabu: kimya. Kucha zake hazikuwa zinakwaruza sakafu. Siku ya nane alilala adhuhuri nzima bila kujikuna hata mara moja. Niliandika daftarini kwa herufi kubwa: HEWA YA MLIMA NI DAWA. Mimi na wenge langu! Nilianza kumpangia koko kuhamia Fizi. Nilishachagua hata upande ambao dirisha lake litatazama.

Docta Ezekieli alifika siku ya tisa, mrefu, mabuti ya mpira hadi magotini, fimbo mkononi, matope mpaka kwenye nyusi. Hakunawa kwanza. Alichuchumaa mbele ya Batasema, akamfungua mdomo akahesabu meno, akamkamua ngozi ya shingo, akamsikiliza tumbo.

"Kama ingekuwa ng'ombe," alisema mwishowe, "ningekuwa nimekwisha kukuambia."

Nilidhani sasa ndio wakati wa zawadi. Nikashusha gunia, nikachana ncha ya mshono, nikamnyooshea. Akachungulia. Mkono aliokuwa ameunyoosha ukarudi taratibu mfukoni.

"Aksanti sana, mama. Lakini miye sikule hii."

Nyinyi ni watu wa Baraka, mnajua. Kwetu anayekukatalia ndagala amekukatalia wewe mwenyewe, ukoo wako na shida yako. Nikaona mwezi unaisha, nikaona fimbo, nikamwona koko mlangoni peke yake. Machozi yakanitoka mbele ya mtu mzima aliyetoka kutembea siku mbili kwenye matope.

Maskini, alishtuka kuliko mbwa. "Mama, mama! Nimekosa nini?"

"Umetukataa."

"Nimekataa samaki! Miye nimekomea na maziwa, tangu utoto. Kwetu bazee habakule samaki, na miye tumbo yangu imebakia ya bazee." Akageuka kwa mama mudogo Aline kuomba msaada. "Unamuona? Naogopa hata macho yabo. Bananiangalia bote mara moja."

Mama mudogo alicheka akashika ukuta. Mimi nilicheka huku nalia. Ndipo docta akanawa, akakubali bilauri ya maziwa, akaniandikia jina kwenye kipande cha boksi la dawa: Docta Spès, mwanamke aliyesomea ngozi za wanyama, anayetibu mbwa huko Bujumbura.

"Yeye atajua," alisema. "Na samaki umupelekee yeye. Pale kwabo banazipenda."

Mama mudogo akaushona tena mshono.

Fizi hadi Lweba

Tuliteremka hadi Baraka tukakuta lori la kwenda Uvira linawasha injini. Sikuwa na muda hata wa kumsalimu koko. Nilimtuma mtu amwambie tumepata jina. Ndani ya lori kulikuwa na magunia ya karanga, mitungi ya mawese, na mwenye mitungi, Mama Faida, mwanamke mwenye sauti ya kengele. Batasema alipanda juu ya gunia letu, akajikunja, akawa hataki kushuka.

"Imbwa inalinda mali yake," Mama Faida alisema.

Nikajivunia. Nilidhani analinda.

Karibu na Lweba lori lililotutangulia lilikuwa limezama kwenye kijito hadi kwenye milango. Tukasimama nusu siku. Wanaume walikata matawi, wakabishana, wakayatupa, wakakata mengine. Mimi nilimpeleka mbwa ufukweni, na huko akina mama walikuwa wanageuza ndagala kwenye mchanga kwa mafagio, shamba zima la fedha limeanikwa juani. Nilisimama nikatazama kama mtu aliyepewa sentensi anayoitafuta mwaka mzima.

Wao walimtazama Batasema.

"Yesu Maria! Hii imbwa habaipatie kula kwabo?"

"Inakula," nikasema.

"Inakula nini? Upepo?"

"Dada eko munono, imbwa mifupa!" akadakia mwingine, na ufukwe mzima ukaniangukia kwa kicheko.

Aibu iliyonishika! Walimjazia kifuniko cha sufuria, nikamwacha ale hadi chini, ili waone kwamba mimi si mtu mbaya. Akaongezewa. Nami nikakaa nao, nikala ndagala hao hao waliokaangwa kwa mawese na bugali wa muhogo wa moto, na naapa sijawahi kula kitu kitamu vile. Lori lilipovutwa, tulikuwa ndugu.

Lweba hadi Uvira

Kabla ya kufika Mboko Batasema alikuwa ameanza tena kujikuna. Alijikuna sikio mpaka likatoa damu kwenye gunia. Nikaandika: joto la ziwa limerudisha ugonjwa. Nadharia yangu ya hewa ilizidi kunipendeza.

Kwenye kizuizi kimoja, kamba ilivutwa mbele ya lori na askari mmoja akapanda kutukagua. Akamwona mbwa.

"Uyu njo nani?"

"Mugonjwa, chef."

"Iko na karatasi?"

Nilimpa kadi ya chanjo. Akaisoma kwa makini, kidole chini ya mstari. "Jina: Batasema." Akainua macho. "Batasema nini?"

Mama Faida ndiye aliyedakia.

"Batasema umechelewesha imbwa mugonjwa kwa kamba!"

Lori likalipuka. Askari alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Alirudisha kadi kwa mikono miwili, akapiga saluti, si kwangu, kwa mbwa. Kamba ikaanguka.

Uvira sikupata nyumba ya wageni iliyomkubali. Mwenyeji wa kwanza alifunga mlango, wa pili alifunga na dirisha. Mama Faida akanishika mkono: "Njoo kwangu. Batoto bangu beko na ngozi nguvu." Huko pia Batasema alikaribishwa kwa alichokaribishwa kila mahali. Mnajua kitu gani.

Bujumbura: mdomo wa gunia

Kwenye chumba cha kusubiri cha Docta Spès kulikuwa na mbwa wenye mikanda ya rangi, na bibi mmoja aliyepakata mbwa mweupe mdogo kuliko paka. Alitutazama, akahamisha kiti. Halafu akakihamisha tena.

Docta Spès ni mfupi, miwani imening'inia kifuani, na huzungumza na mgonjwa kabla ya mwenye mgonjwa. "Karibu, muzee Batasema. Pole ya safari." Alimkwangua ngozi kwa kisu kidogo mahali pa kwanza, pa pili, mpaka pa tano, akapaka kwenye vipande vya kioo, akavitazama kwa darubini. Alitazama muda mrefu sana.

"Njoo uone," alisema.

Nikaweka jicho. Niliona ulimwengu wa duara, wa kahawia na buluu, visiwa na mawingu.

"Unaona mududu?"

"Hapana."

"Hata mimi sioni. Upele wa mbwa unaoambukiza unaletwa na wadudu, na huyu hana. Kuna kuvu na vijidudu vilivyoingia kwa sababu amejichuna, hivyo nitavitibu. Lakini hana kitu cha kumuambukiza mutoto wa mutu."

Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Nilimwomba aiandike na apige muhuri, akaandika na kupiga. Nilitaka kumbusu yeye, darubini na yule bibi mwenye mbwa mweupe.

"Sasa," alisema, "kitu gani kinamuwasha, bado sijui."

Katika furaha ile nikakumbuka gunia. Nilimwambia ni la koko, limepanda mlima na kushuka, limekataliwa mara moja, tafadhali asilikatae. Akafurahi kweli. Alipolinyanyua, chini yake pakamwagika ndagala wachache sakafuni, na tukaona tundu, kubwa kiasi cha pua ya mbwa, limelainishwa kwa kutafunwa. Gunia lilikuwa limebaki nusu.

Alicheka, nami nikacheka. Kisha kicheko chake kikakatika.

"Anakula hizi mara ngapi?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu… koko alianza kumzidishia alipoanza kuugua."

"Alipozidi kuugua?"

"Akamzidishia."

Docta Spès akavaa miwani. "Kuna siku zozote hakuzila?"

Nilifungua daftari kumwonyesha siku tisa za Fizi na hewa ya mlima. Nikasoma kwa sauti: bugali, maharage, maziwa. Gunia juu ya jiko. Siku ya sita, kimya. Siku ya nane, amelala. Nikageuza ukurasa: Lweba, kifuniko cha sufuria. Mboko, damu kwenye sikio. Nimesoma vitabu vingi maishani, lakini sijawahi kusoma kimoja nilichoandika mwenyewe bila kukielewa.

"Siwezi kuapa leo kwamba ni hizi samaki zinamuwasha," alisema. "Tutajua hivi: wiki nane, viazi vitamu na mayai, si kitu kingine. Dawa hii ya kumeza, sabuni hii ya kumuosha. Na hata kichwa kimoja cha samaki, hapana. Kutoka kwa mutu yeyote."

"Docta," nikamwambia, "sisi tunakaa Baraka."

Kurudi

Njia ya kurudi nilikuwa adui wa ukarimu. Uvira niliomba watoto wa Mama Faida wanisamehe. Lweba wale akina mama walinitambua, wakaja na kifuniko, na nikasimama mbele ya mbwa mikono nimeitanua. "Hata moja?" waliuliza. "Hata moja." "Basi kweli habaipatie kula kwabo!" Mama mmoja alinikimbilia na kiazi cha moto, akalia kidogo kwa ajili ya mbwa. Nilimpenda.

Papa chef alisoma karatasi akiwa amesimama, akaupapasa muhuri kwa kidole gumba. "Haiambukize," alisema, kama mtu anayeonja neno. Akatupatia wiki nane zile. Zaidi ya hapo hakuahidi.

Kumwambia koko ndiko kulikuwa kugumu. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama mikono yake.

"Miaka mbili," alisema. "Njo miye nilikuwa namuua?"

"Hapana, koko. Ulimupatia kile bantu yote ya hapa banapatia mupendwa wabo."

Koko aliinuka, akachukua sufuria, akaanza kumenya viazi.

Wiki ya tatu harufu iliisha. Wiki ya tano nilihisi mgongoni mwake kitu kama kivuli, nikaita nyumba nzima: manyoya! Koko alipiga vigelegele kama amezaliwa mjukuu. Avenyu nzima ilikuwa imeonywa. Watoto walikuwa wanafukuza hata paka wenye samaki mdomoni wasikaribie ua wetu.

Jumapili ya wiki ya nane, baada ya misa, papa chef akaja. Batasema alikuwa mlangoni pake, mweusi, amevaa koti lake jipya. Papa chef akamzunguka mara mbili. Akainama, na kwa mara ya kwanza akamgusa.

"Eh," alisema. "Imbwa njo ile ile?"

"Njo ile ile," koko akajibu.

"Basi nilikuwa nimekosa. Nimemuletea ya kuomba samahani." Akatia mkono katika mfuko wa shati la kanisani, akafungua karatasi, na kabla hatujaelewa alikuwa amemnyooshea ndagala mmoja mkubwa, mweupe, anayemeta.

Ua mzima ulipiga kelele. Batasema akafungua mdomo. Mimi sikufikiri, niliruka, nikamnyang'anya, na kwa kuwa sikujua nimpeleke wapi, nikamla. Mbichi, mkavu, kichwa na macho, na mchanga kidogo.

Papa chef alinitazama nikitafuna.

"Dada," alisema taratibu, "kama uko na njaa, si useme?"

Koko alicheka. Alicheka akashikilia mwimo wa mlango, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuzike koko mwanamume. Kisha akaingia ndani, akatoka na yai la kuchemsha, akalimenya polepole, akaliweka katika kiganja cha papa chef.

"Mupatie hii."

Batasema alikula yai kutoka mkono ule, akamaliza, akaendelea kuulamba, kiganja, kidole kimoja kimoja, hadi kwenye saa. Papa chef alisimama pale na shati lake la kanisani, wala hakuuondoa.